Pampu ikikata, wacha hapo: namna ya kujaza tangi bila kujitafutia hasara

Tarehe 14 ya kila mwezi jioni, watu wakishapata fununu kwamba bei inapanda, pita stesheni yoyote hapa Mombasa kuanzia Makupa mpaka Bamburi utaona foleni imetoka mpaka barabarani. EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei ya mafuta Kenya, wanatangaza bei mpya na inaanza saa sita usiku, kwa hivyo kila mtu anataka kulala na tangi limejaa pomoni. Hapo ndo utasikia "malizia kaka, malizia, bado linaingia", na wengine wanashuka kabisa wanalitikisa gari ubavuni ati hewa itoke mafuta yaingie zaidi. Nawaelewa, maisha yamepanda na kila lita ni pesa, lakini ile lita moja unayoisindilia juu ndo inakuja kukuharibia kifaa cha bei mara nyingi zaidi ya hio lita, ama inakumwagikia mahali pabaya, na jambo hili linaniuma manake dawa yake ni kumwambia jamaa wa pampu maneno machache tu.

Maneno yenyewe: "Ikikata mara ya kwanza, wacha hapo hapo." Mwambie kabla hajachomeka nozeli, ule mdomo wa chuma wa pampu, usingoje mpaka yuko katikati, kwa sababu wengi washazoea kumalizia hata hujawaomba. Wateja wanapenda hesabu ya mviringo, elfu tatu, elfu tano, hakuna anayetaka kulipa 4,870, kwa hivyo jamaa anabonyeza kidogo kidogo mpaka mita ifike. Lipa hio 4,870 kwa M-Pesa na uende zako.

Hio tak unayoisikia pampu ikikata haimaanishi pampu imechoka. Iangalie ncha ya nozeli kwa karibu siku moja, utaona kitundu kidogo sana pale mwisho. Mafuta yakiwa yanatoka, kile kitundu kinavuta hewa, sasa mafuta yakipanda shingoni mwa tangi yakakiziba, hewa inakatika na mvuto uliobaki ndani unaifyatua triga, tak, imefunga. Ni hewa tu inafanya hio kazi, hakuna umeme hapo. Kwa hivyo ikikata maana yake mafuta yashafika shingoni, na kila unachoongeza baada ya hapo unakiweka kwenye nafasi ambayo waliotengeneza gari waliiacha wazi makusudi.

Waliiacha kwa nini? Petroli ikipata joto inatanuka. Joto lake likipanda kwa nyuzi 10 inaongezeka karibu asilimia moja, yaani lita 45 zinakuwa na karibu nusu lita ya ziada. Mafuta yanatoka kwenye tangi la chini ya ardhi ambako kuna ubaridi kiasi, alafu wewe unaenda kuegesha gari juani Mwembe Tayari saa saba mchana na lami inachemka chini yake. Ni kama sufuria ya maziwa uliyoijaza mpaka ukingoni alafu ukaiweka motoni, lazima yatafuta pa kutokea. (Na wale wanaoamka alfajiri kwenda kujaza ati mafuta ya asubuhi ni mazito, jamani laleni, tangi la chini ya ardhi halibadiliki joto hivyo kati ya asubuhi na mchana.)

Sasa pa kutokea ni wapi, hapa ndo pana gharama. Magari mengi tunayoendesha hapa yametoka Japani, Vitz, Probox, Demio, Noah, na karibu yote yana kanista, kopo la plastiki lililojazwa mkaa maalumu wenye vitundu vidogo vidogo. Kazi yake ni kunyonya mvuke wa petroli unaotoka kwenye tangi usiende hewani, alafu injini ikiwa inazunguka kuna valvu inafunguka, ule mvuke unavutwa ndani unachomwa pamoja na mafuta mengine. Angalia neno hapo, mvuke. Kanista haikutengenezwa kupokea petroli ya maji maji. Ukisindilia mafuta mpaka mdomoni yanapanda kwenye bomba la hewa yanaingia kwenye kanista, mkaa unalowa, na ukishalowa hivyo mara kwa mara haunyonyi tena. Nshaona moja ikitolewa kwenye Fielder, gereji moja pale Majengo. Kanista nzima unaishika kwa mkono mmoja bila shida, ile fundi aliibeba kwa mikono miwili, na alipoiinamisha petroli ilichururika kwenye beseni, chini yake zikabaki chembe nyeusi za mkaa. Hizo chembe ndo zinaenda kuziba valvu na mabomba.

Dalili zake zinawachanganya watu sana kwa sababu hazifanani na tatizo la tangi. Gari linawaka vizuri wiki nzima, ukitoka tu kujaza mafuta stata inazungukaa halishiki, likishika linatetemeka kama linataka kuzima, harufu ya petroli nyuma, alafu taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Unaenda kwa makanika, anabadilisha plagi, haijaisha, anabadilisha koili, haijaisha, anakwambia ni pampu ya mafuta, na pesa inaenda. Kama tatizo linakuja hasa baada ya kujaza, mwambie fundi aanze na kanista na valvu yake, na kama ana mashine ya kusoma makosa aangalie namba zinazoanza na P044 au P045, hizo zote ni za mfumo huu wa mvuke.

Kumwagika nako si jambo dogo. Mwanzo rangi: petroli ikichuruzika kwenye fenda ikaachwa ikaukie hapo na jua letu, inaacha alama na inakula rangi polepole. Lakini kinachonitia hofu mimi ni Likoni, kwenye kivuko cha feri. Maji yakitoka, ile njia ya kuingilia feri inainama sana, gari linateremka pua chini alafu linapanda kwa kuyumba, na tangi lililojaa mpaka mdomoni linasukuma mafuta kwenye mabomba na kwenye kifuniko, hasa kama kifuniko kina mpira uliochoka. Utaona tone linatoka pale kwenye kidirisha cha tangi, linateremka kwenye fenda, linadondoka kwenye chuma cha feri, na pembeni pana kina mama na watoto wa shule wamesimama wamebanana, hawana pa kukimbilia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautoki kwenda juu, unatambaa chini miguuni mwa watu, na unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Mombasa. Kama unajua utavuka, usijaze kabisa, weka nusu ama robo tatu, ng'ambo pia kuna stesheni.

Kwa hivyo fanya hivi. Egesha gari mahali pa sawa, likiinama nozeli inaweza kukata mapema ama kuchelewa. Zima injini, sigara usiiwazie. Angalia geji kabla ya kutaja pesa, kama tangi lako ni la lita 45 na mshale uko nusu basi nafasi iliyobaki ni lita 22 hivi, usiagize pesa ya lita 25 alafu ukalazimisha ziingie. Nozeli iingie yote mpaka mwisho, isishikiliwe nje nje. Ikikata, mwambie aiache nozeli sekunde chache ndani ya shingo ili mabaki yadondokee tangini, alafu aitoe akiiinua ncha juu. Kifuniko kizungushe mpaka usikie kinalia, na uhakikishe mwenyewe, wahudumu wakiwa na foleni wanakisahau hata juu ya paa.

Na usibishane sana ukiona tangi la lita 45 limeingia 47. Namba ya kwenye kitabu haihesabu shingo wala ile nafasi ya kutanuka, kwa hivyo ukijaza mpaka mdomoni lazima zizidi, na si lazima uwe umeibiwa.

Ndugu zangu wa boda, kwenu ni mbaya zaidi kwa sababu tangi liko juu ya injini na likifurika mafuta yanateremkia kwenye injini na egzosi zenye moto. Shuka kwenye pikipiki, mshushe na abiria, na mafuta yaishie chini ya ile shingo ya ndani, yasifike kwenye kifuniko. Wenye malori ya dizeli wanaotoka Changamwe, povu lenu likitulia mnaongeza tena na tena, alafu kwenye raundabauti ya kwanza dizeli inamwagika njiani. Haiwaki haraka kama petroli lakini inateleza vibaya, na anayeanguka hapo si wewe, ni huyo wa boda nyuma yako.

Kama lishafurika tayari, usiwashe. Funga kifuniko, mwite mhudumu amwage mchanga chini, fenda ioshwe kwa maji mengi, na kama mafuta ni mengi lisukumeni gari kwa mikono mpaka mbali na pale. Nguo ikilowa ibadilishe, usiende kusimama karibu na jiko nayo. Harufu ikiisha liwashe uende, tembea nalo kidogo mafuta yapungue kabla ya kuliacha juani, na usilifungie ndani ya gereji ya nyumbani usiku huo. Likikataa kushika, kanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga stata ili lipate hewa zaidi, likishika achia.

Kuna wale pampu inakatakata kila lita mbili wakati tangi liko tupu. Mwanzo mwambie jamaa aigeuze nozeli kidogo na apunguze kasi. Ikiendelea hivyo stesheni hii na ile, basi hewa ya ndani haipati njia ya kutoka, bomba lake limeziba ama kanista ishalowa, na hapo usiendelee kulazimisha, mpelekee fundi alifungue.