SOMO: Uji wa asubuhi kwa shule nzima, awali hadi la saba (someni kabla ya kunifuata inbox)

Wakuu, kila muhula unapofunguliwa napokea maswali yale yale: mmeanzaje, mnapata wapi mahindi, asiyechangia mnamfanyaje. Naandika mara moja, atakayeuliza nitamleta hapa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, kijijini, mkoa wa Dodoma. Hesabu zote nimezipiga kwa wanafunzi 400. Wewe gawa au zidisha kulingana na shule yako.

Kwanza tuelewane. Elimu bila ada ilianza 2016 na serikali inaleta ruzuku ya uendeshaji, lakini chakula cha shule ya kutwa hakimo humo. Kinabaki kwa wazazi na jamii. Ukisubiri mfadhili utasubiri sana, na akija siku moja ataondoka.

1. Mkutano wa wazazi. Uitishwe na serikali ya kijiji pamoja na kamati ya shule. Andika muhtasari, watu wasaini.

2. Kibali. Muhtasari upite kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, afisa elimu kata, mpaka halmashauri. Mwalimu asishike hata debe moja la mchango. Tangu katazo la Januari 2018 walimu walitolewa kwenye kudai michango, na ni vizuri hivyo: mwalimu akidai mahindi asubuhi hawezi kuaminiwa na mtoto mchana. Anayepokea ni kamati, na mtunza stoo awe mzazi.

3. Hesabu. Kikombe kimoja cha uji, mililita 300, kinahitaji unga gramu 40 na sukari gramu 10. Watoto 400 wanakula unga kilo 16 na sukari kilo 4 kwa siku. Mwaka una siku 194 za masomo, kwa hiyo ni mahindi takriban kilo 3,100. Ukigawa kwa mtoto inakuja kama kilo 8 kwa mwaka mzima, yaani chini ya nusu debe. Waambieni wazazi hivyo hivyo: *nusu debe kwa mtoto, mara moja, wakati wa mavuno*. Kwenye mkutano wetu watu walikuwa wanadhani ni gunia.

Sasa angalia hili, maana ndilo linalobeba hatua ya 7. Nusu debe ni kama kilo 9. Familia za watoto 350 zikileta, unapata kilo 3,150. Hizo zinatosha watoto wote 400. Hapo sijaweka yanayotupwa wakati wa kuchagua, ndiyo maana shamba la shule, hata ekari mbili, halikwepeki.

Sukari ndiyo inayotaka fedha taslimu, pamoja na kusaga. Panga mapema.

4. Mahindi. Hapa msiruke mstari. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, hapa hapa Dodoma na Manyara, kwa mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, walikufa 125. Stoo ya shule inachanganya mahindi ya kaya mia tatu, na debe moja bovu linaingia kwenye sufuria ya watoto wote.

Pokeeni Juni hadi Agosti, yakiwa makavu. Kipimo cha bure: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, jaza mahindi kama robo, funga, tikisa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi hayo bado yana unyevu. Mwenyewe akayaanike tena kwenye turubai, asiyaweke chini kwenye vumbi. Pimeni mbele yake ili asione ameonewa.

Kisha chagueni kwa mkono. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au kutobolewa na wadudu, itoke. Hifadhini kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani, juu ya chaga, mbali na ukuta.

Onyo: kuchemsha hakuondoi sumukuvu. Kusaga hakuiondoi. Kukoboa kunapunguza, hakumalizi. Na mahindi mliyoyatoa msimpe kuku wala msimuuzie mtu wa pombe.

5. Jiko. Tangu 2024 taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa, kwa hiyo usijenge jiko la mafiga matatu leo. Ulizeni halmashauri kuhusu gesi au nishati nyingine safi kabla ya kununua chochote.

6. Mpishi. Wawili, wapimwe afya kila miezi sita, walipwe. Unga ukorogwe kwanza na maji baridi ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka, uchemke nusu saa, sukari mwisho.

7. Foleni. Hii ndiyo hatua tuliyoiharibu mwanzoni. Kamati yetu ilitoa kadi kwa waliochangia, tukiamini wengine wataona aibu na kuleta. Waliona aibu watoto. Saa ya uji wasio na kadi walibaki darasani. Kulikuwa na binti wa darasa la pili aliyekuwa akiinama juu ya daftari kama anaandika mpaka wenzake warudi, na daftari lilikuwa tupu. Wengine walianza kuondoka saa ya uji hawarudi. Tulipopitia mahudhurio tukakuta wanaotoroka ni wale wale wa kaya ambazo asubuhi hazipiki. Tulianzisha uji kwa ajili yao, na uji ndio ukawa unawafukuza shule.

Kwa hiyo, bila mjadala:

– Kila aliyepo shuleni anakunywa. Hakuna kadi, hakuna kuitwa jina, hakuna foleni mbili.
– Orodha ya waliochangia inakaa kwa mwenyekiti wa kamati. Mwalimu wa darasa asiione kabisa.
– Asiyeweza mahindi atoe nguvu: kupalilia shamba la shule, kuchota maji, kuchagua punje. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF (wa kusaidia kaya maskini) kamati izisamehe kimya kimya.
– Mwenye uwezo asiyetaka, afuatwe yeye, nyumbani kwake, na wajumbe wawili. Mtoto haulizwi.
– Kila mtoto aje na kikombe chake, na shule iwe na vya akiba vya aina mbalimbali. Vikifanana vyote, wenye vikombe vya shule watajulikana.

8. Kupanua, kama hamwezi kuanza na shule nzima. Shule nyingi huanza na darasa la saba na la nne kwa sababu ya mitihani. Naelewa presha, lakini anzeni na awali, la kwanza na la pili. Mtoto wa miaka sita hawezi kukaa na njaa kama wa kumi na tatu, na akikosa kusoma la pili huyo wa la saba hamtampata. Ongezeni darasa pale tu stoo inapoonyesha akiba ya kufika mwisho wa mwaka. Kusimamisha uji Oktoba ni vibaya kuliko kuchelewa kuongeza darasa.

9. Daftari. Kila siku: waliokunywa, kilo za unga, kilo za sukari, sahihi ya mpishi na ya mtunza stoo. Bandikeni jumla ya mwezi ukutani.

---

kibwagizo_dom: Somo zuri mkuu. Kwa mtoto mmoja unga kiasi gani?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mzee wa Mpunguzi: Mahindi yetu tumeshapokea gunia kumi, mengine yana ukungu kidogo tu wa kijani. Tukichemsha sana si unakufa?

Mwandishi: Hapana. Nimeandika kwenye onyo la hatua ya 4. Ukungu unakufa, sumu yake inabaki. Usipikie watoto. Tenga magunia hayo leo, mwite bwana shamba wa kata ayaone kabla ya kuchagua chochote, na aliyeyaleta aambiwe ili naye asiyale nyumbani.

Mzee wa Mpunguzi: Sawa. Nimepiga simu kwa mwenyekiti.

mkulima_halisi: Mnalea wazazi wavivu. Mimi nimelima, nimeleta, halafu mtoto wa mlevi anakunywa sawa na wangu? Asiyechangia mtoto wake akae.

Mwandishi: Mtoto wako hapungukiwi hata kijiko. Hesabu ipo hatua ya 3, ipitie tena. Yule mlevi tunamfuata, na safari hii analima shamba la shule chini ya mjumbe. Mtoto wake ana miaka saba, hajanywa pombe ya mtu.

mkulima_halisi: Lakini wengi wakijua hawabanwi wataacha kuleta.

Mwandishi: Hilo ni swali la haki. Kilichotusaidia ni kupokea hadharani: siku mbili za mapokezi, mizani uwanjani, kila kaya inapimiwa mbele ya majirani. Watu wazima wanaonana wao kwa wao, shinikizo linabaki kwao. Na jumla ikibandikwa ukutani kila mwezi, aliyeleta anaona mahindi yake yamekwenda wapi. Kwetu wengi waliokuwa wagumu walikuwa wanahofia wizi wa stoo, hawakuwa wanakataa uji.

Mwalimu wa Kilifi: Hongera sana kutoka Kenya. Swali langu: mnawapa saa ngapi? Huku kwetu watoto wengine hutoka nyumbani gizani bila kutia kitu mdomoni, na uji ukija saa nne vipindi vya mwanzo huwa vimeshapotea. Naona hisabati zote ziko asubuhi.

Mwandishi: Mwalimu, umegusa penyewe, asante. Tulianza saa nne kama kila mtu. Tukahama tukawa tunatoa saa moja na nusu kwa awali hadi la pili, wakubwa saa nne. Gharama yake ni mpishi kufika saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo tuliongeza malipo na tukachagua wanaokaa jirani na shule. Maji na unga vinapimwa jioni na kufungiwa. Faida nyingine ni kwamba waliokuwa wakichelewa walianza kuwahi. Tahadhari moja: anayetoka mbali asinyimwe kwa kuchelewa. Tunabakiza ndoo yenye mfuniko mpaka saa nne.

Mwalimu wa Kilifi: Na kuhusu malipo, unaonaje mtindo wa Nairobi wa Dishi na County? Mzazi analipa shilingi 5, mtoto anagusisha bangili mkononi, anapakuliwa.

Mwandishi: Ule ni wa chakula cha mchana, ulianza 2023, na nguvu yake ni majiko makubwa yanayopikia shule nyingi kwa pamoja. Mjini, penye barabara na watu wengi karibu, naupenda. Kitu cha kuiga hata kijijini ni kwamba bangili haimwambii aliye nyuma nani kalipa nini. Kijijini kwetu gari la chakula lisingefika masika, ndiyo maana tunapika hapo hapo.

Bi Shamsa: Nakumbuka Maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, tulipokuwa wadogo Mombasa. Siku za maziwa hakuna aliyekosa shule.

Mwandishi: Dada, hilo ndilo ninalolitafuta kwenye daftari la mahudhurio.

fundi_jiko: Kwa wanaouliza jiko: sufuria mbili za lita 80 ni bora kuliko moja ya 150. Uji wa sufuria kubwa unaungua chini na mwiko haufiki. Na jiko liwe na bomba la moshi, wapishi wanaharibika macho.

Mwandishi: Nakubali, ongezeni kwenye hatua ya 5.

happy_2015: Naweza kupata template ya daftari? Na mfano wa barua ya kibali? Na bajeti? Na ratiba?

Mwandishi: Daftari lina safu tano, nimezitaja hatua ya 9. Chora kwa rula. Barua anaandika mtendaji wenu, anayo fomu.

mama_lishe_kongwa: Shikamoo kaka. Sisi tunafikiria kuchanganya mahindi, mtama, ulezi, karanga, soya na mchele ili uwe uji wa lishe. Je, tusage vyote pamoja?

Mwandishi: Marahaba dada. Msifanye hivyo. Karanga nazo zinashika sumukuvu kwa urahisi, na zikisagwa humo huwezi tena kuona iliyooza. Unga wenye karanga na soya pia unachacha haraka. Soya mbichi haimfai mtoto, lazima ikaangwe sawasawa au ichemshwe kwanza. Chukueni dona la mahindi safi, au mahindi na ulezi tu. Karanga, kama zipo, zichaguliwe, zikaangwe, zisagwe za siku hiyo na kutiwa mwishoni. Ulizeni kwanza kama kuna mtoto ambaye karanga zinamdhuru.

mama_lishe_kongwa: Na sukari ikipanda bei? Mwaka jana tuliacha kupika kwa ajili ya sukari tu.

Mwandishi: Msiache kupika. Kwetu ubuyu upo bure porini. Loweka unga wa ubuyu, chuja mbegu na nyuzi, mimina kwenye uji ukishaepuliwa, punguza sukari nusu. Una vitamini C, na hiyo inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye nafaka. Wa pwani wanaweza kutumia ukwaju. Ubuyu usiuchemshe pamoja na uji, vitamini inapotea.

mama_lishe_kongwa: Kwa lita 80 ubuyu kiasi gani?

Mwandishi: Anza na kilo moja, wape wapishi waonje kabla ya watoto. Ukizidi unakuwa mchachu na wadogo wataumwaga. Wiki ijayo niambie wameupokeaje.