Kuandaa wigi la lesi kabla ya kulibandika

Lesi, yaani kitambaa chembamba cha matundu kinachofungiwa nywele za wigi, ikionekana kwenye paji la uso, wengi huilaumu gundi. Mara nyingi kosa lilifanyika mapema zaidi, wigi likiwa bado mezani. Maelezo haya ni ya frontali ya inchi 13 kwa 4, kile kipande cha lesi cha mbele kinachotoka sikio hadi sikio, yenye nywele za binadamu za rangi namba 1B, yaani nyeusi isiyokolea sana. Nywele za plastiki usizipake blichi kabisa.

Anza na vifundo. Ligeuze wigi ndani nje utaona vitone vyeusi. Kila kitone ni mahali unywele ulipofungwa kwenye lesi. Changanya unga wa blichi na peroksidi ya volyumu 20 (volyumu ni kipimo cha nguvu yake), ukiiongeza kidogo kidogo, hadi upate uji mzito usiodondoka hata ukiinamisha brashi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Uji mwepesi hupenya matundu ya lesi na kupausha mashina ya nywele upande wa pili, ukaishia na mstari wa rangi ya chungwa ambao itabidi uupake rangi upya. Uweke juu juu bila kukandamiza brashi, funika kwa foili, kisha chungulia kila baada ya dakika 5. Vifundo vikiwa rangi ya dhahabu, osha, hata kama ni dakika ya 15 tu. Usitumie volyumu 40 kwa sababu ya haraka: fundo hudhoofika na nywele huanza kupukutika kila unapochana. Osha kwa shampuu mara mbili, kisha shampuu ya zambarau dakika 3 kuondoa umanjano. Kondishena iishie kwenye urefu wa nywele, isiguse vifundo, maana huvilainisha vikafunguka.

Lesi ikiwa nyeupe kuliko ngozi yako, ichovye kwenye chai ya rangi iliyokolea na iliyopoa, dakika chache kila mara. Ikilowa huonekana nyeusi zaidi, kwa hiyo ikaushe ndipo uilinganishe na ngozi.

Kunyonyoa, yaani kupunguza nywele za ukingo wa mbele, kunataka subira. Bana wigi kwa pini kwenye kichwa cha sponji, ushike kibano, na uache safu ya mbele kabisa jinsi ilivyo. Punguza safu ya pili na ya tatu, unywele mmoja mmoja, ukivuta kuelekea unakolala. Usikae sehemu moja. Ukinyonyoa mara nne tano, hamia pembeni, kisha rudi nyuma hatua mbili uangalie. Unywele ukishatoka haurudi.

Kichwani, suka mistari myembamba inayolala, na nywele ziwe zimekauka hadi kwenye shina. Jaribu wigi bila gundi, rekebisha lastiki ya nyuma, halafu kata lesi iliyozidi kwa mkato wa meno ya msumeno. Ukikata mstari ulionyooka, ukingo utaonekana.

Gundi mpya ipime nyuma ya sikio kwa saa 24. Siku ya kubandika, nawa paji kwa sabuni, kisha pitisha pamba yenye spiriti. Soma kibandiko cha chupa kwanza: spiriti nyingine za dukani huwa na mafuta ya nyonyo, na utando huo wa mafuta huifanya gundi iachie mapema. Chukua isopropili ya asilimia 70 isiyo na mafuta.

Paka gundi ya maji mbele ya nywele zako, kwenye ngozi tupu, tabaka tatu nyembamba. Kila tabaka lisubiri hadi weupe uishe na gundi inate kidole bila kukipaka. Katika unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa hilo huchelewa, basi kaa mbele ya feni kabla jasho halijaanza. Ukiharakisha, weupe utabaki chini ya lesi. Laza katikati kwanza, kisha pande, kandamiza kwa mkia wa kitana, na funga kitambaa dakika 15 kabla ya kushika pasi ya nywele.

Wakati wa kutoa, lowesha ukingo kwa dawa ya kuondolea gundi na ungoje mpaka lesi ijiinue yenyewe. Ukiivuta kavu, itang'oka na nywele zako za mbele, na zikivutwa hivyo mara kwa mara huacha kuota.