SOMO: Leva ngumu, mkono wa mafuta usiorudi, breki ya mbele iliyolegea. Kurekebisha usukani wa pikipiki ya zamani

Somo hili ni la pikipiki zenye waya na breki ya dramu mbele, kama Boxer na TVS za miaka ya nyuma. Kosa la kwanza la wengi ni kukimbilia ajasta, yaani skrubu ya kurekebisha urefu wa waya. Leva ikiwa ngumu au ikilegea, spana namba 10 inatoka mfukoni, nati inazungushwa, na tatizo linafichwa kwa wiki moja. Kurekebisha urefu wa waya ni kazi ya mwisho. Safisha, tia oili, nyoosha njia ya waya, kisha ndipo urekebishe.

Andaa spana 8, 10, 12 na 14, bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu, oili nyepesi ya injini, grisi kidogo, mafuta ya taa, kitambaa na kaveera (mfuko wa plastiki) moja. Zima injini, toa ufunguo.

1. Tafuta ugumu uko wapi. Legeza ajasta ya klachi, linganisha mifereji ya ajasta, ya nati yake na ya kishikio cha leva, kisha chomoa waya juu na chini. Bonyeza leva peke yake. Ikiwa ngumu, kosa ni bolti yake. Kisha vuta waya ndani ya ganda lake kwa mkono. Ukikwaruza, kosa ni waya. Vyote viwili vikiwa laini, angalia mkono wa klachi pale kwenye injini. Hizi ni dakika tano zinazookoa pesa ya waya mpya usiouhitaji.

2. Bolti ya leva. Itoe, ioshe kwa mafuta ya taa pamoja na tundu lake, paka grisi nyembamba. Ikaze kiasi tu, hakikisha leva inarudi, ndipo ushike bolti na kukaza nati ya chini. Ukiikaza kwa nguvu, kishikio kinaibana leva, na hapo hakuna oili itakayosaidia.

3. Oili ndani ya waya. Kata kona ya kaveera tundu dogo, pitisha ncha ya juu ya waya na ganda lake, funga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mimina vijiko viwili vya chai vya oili, ning'iniza waya wima, uchezeshe juu na chini hadi oili itokee chini ikiwa safi. Vumbi jekundu la marram hutoka kama uji, kwa hiyo usiache mapema. Usitumie grisi nzito hapa, kwani haifiki katikati na hushika vumbi. Ukiona hata uzi mmoja umekatika karibu na kichwa cha waya, badilisha waya wote.

4. Mchezo wa klachi. Mchezo ni mwendo wa leva kabla waya haujaanza kuvuta. Acha milimita 2 hadi 3 kwenye shina la leva, pale inapokutana na kishikio. Bila mchezo, klachi inateleza na pleti zinaungua. Ukizidi, gia zinagoma na nyutro haipatikani. Marekebisho makubwa yafanye chini, upande wa injini. Mwishoni geuza mfereji wa ajasta usilingane na ule wa kishikio.

5. Mkono wa mafuta, ule wa kulia unaozungushwa kuongeza mwendo. Fungua skrubu mbili za nyumba yake, vua bomba la plastiki, ondoa kutu ya usukani kwa msasa laini, futa kabisa. Ukirudisha, acha milimita 1 hadi 2 kati ya mpira wa mkono na mwisho wa usukani, usisuguane. Mchezo uwe milimita 2 hadi 6 kwenye ukingo wa mpira. Kisha jaribu hili bila kuruka: zungusha mkono wa mafuta, uachie, lazima urudi wenyewe usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Washa injini kwenye nyutro, geuza usukani pande zote mbili. Injini ikipandisha sauti, waya umebanwa au umepita njia mbaya. Usiipande pikipiki hiyo hadi umeirekebisha, maana kwenye kona itakuongezea mwendo usioutaka.

6. Breki ya mbele. Nati iko kwenye gurudumu. Acha sentimita 1.5 hadi 2 kwenye ncha ya leva, na gurudumu lizunguke bila kukwama. Mshale wa dramu ukifika alama ya mwisho, breki zenyewe zimekwisha. Usiendelee kukaza nati.

Swichi za honi na indiketa nyingi zinahitaji tu kufunguliwa, kukaushwa na kusafishwa vidole vya shaba, hasa baada ya mvua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mbale: *Fundi, nimeweka waya mpya wa klachi na bado ni mgumu. Kwa nini?*
Tazama njia yake, ndugu. Mara nyingi umekunjwa kwa kona kali chini ya tangi au umefungwa kwa nguvu karibu na shingo ya usukani. Uache upinde kwa mduara mpana, na usukani ugeuke bila kuuvuta.

Masaka: *Klachi yangu inataka kurekebishwa kila wiki. Ni waya au pleti?*
Angalia mchezo unakwenda upande gani. Ukiongezeka, waya unarefuka au nyuzi zinakatika. Ukipungua, pleti zinalika.

Kampala: *Mpira mpya wa kulia umeingia kwa shida, wa kushoto unazunguka. Nimeuziwa vibaya soko la Kisekka?*
Huenda umeibadilisha pande. Wa kulia una tundu kubwa zaidi kwa sababu unavaa juu ya bomba la plastiki. Vua yote miwili, badilisha pande. Wa kushoto usafishie usukani kwa petroli, ukauke, kisha tia gundi. Upande wa mafuta usitie gundi ikagusa usukani.

Gulu: *Waya wa mafuta umekatika kijijini. Naweza kutumia wa breki ya baiskeli?*
Hapana, mzee. Kichwa cha kufungia kwa skrubu kinaweza kuteleza, na nyuzi zikifumuka ndani ya ganda mafuta yanabaki wazi. Isukume hadi kwa fundi, au ibebwe kwa gari.