Namna ya Kuishuku Sumukuvu kwa Mgonjwa Mwenye Macho ya Manjano

Mgonjwa anapofika kwenye zahanati ya Chemba au Kondoa akitapika, macho yakiwa ya manjano na tumbo limejaa maji, usiishie kwenye kipimo cha malaria na cha homa ya ini. Muulize pia kama yupo mwingine nyumbani aliyeugua vivyo hivyo. Mwaka 2016 watu 68 waliugua namna hiyo Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki, kutokana na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi.

Maswali yanayosahaulika ni ya jikoni: unga ulitoka wapi, na je, mahindi yalianikwa chini kwenye udongo au juu ya turubai? Ulizia hata mbwa aliyelishwa makombo ya ugali, kwa kuwa naye hudhurika. Punje zenye ukungu wa kijani ni dalili, lakini mahindi yanayoonekana safi hayaondoi shaka, na kupika hakuimalizi sumu hiyo.

Chukua sampuli ya unga na ya mahindi, zuia chakula hicho kisiliwe, mwarifu mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo, na umpe mgonjwa rufaa mapema, kwani dawa mahususi ya kuiondoa sumu hii haipo.