Kabla ya Kuingia Kikao cha Bajeti ya Kaunti

Tangazo huwa dogo, limebanwa katikati ya notisi za zabuni: bunge la kaunti, hapa Kenya, linawaalika wananchi kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti, Jumatano saa nne asubuhi, ukumbi wa kijamii. Siku yenyewe ukumbi unajaa. Mzee analalamikia barabara, mama anasema zahanati haina dawa, kijana anauliza basari zimeenda wapi. Karani anaandika, mwenyekiti anashukuru, soda zinagawiwa. Julai bajeti inaanza kutekelezwa na huoni hata moja ya hayo ndani yake.

Malalamiko hayo ni ya haki kabisa. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaliruhusu bunge la kaunti kuongeza pesa mahali pamoja pale tu linapozipunguza kwingine. Anayeomba dawa bila kusema pesa zitoke wapi anawaachia wengine uamuzi huo, na hao wengine wana safari zao za kulinda. Sisi tunaotaka bajeti imtazame mwananchi wa chini kwanza tunahitaji kufika na makato mkononi, na kazi hiyo hufanywa wiki kadhaa kabla ya kikao.

Anza na kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, ila bajeti yake inaanza kupikwa karibu mwaka mzima kabla. Kufikia Septemba 1 serikali ya kaunti hutakiwa kupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na mradi usiotajwa humo hupata shida kupenya baadaye. Februari 28 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha mkakati wa fedha wa kaunti, waraka ambao watu wengi hawajawahi hata kuusikia. Humo ndimo kila idara inapowekewa kiwango chake cha juu: afya hiki, kilimo hiki, ofisi ya gavana hiki. Bunge lina siku 14 za kuupitisha. Makadirio yenyewe hufika kufikia Aprili 30 na yanafaa kupitishwa kabla ya Juni 30. Kwa hivyo anayekuja Mei kudai mamilioni yahamishwe kutoka idara moja hadi nyingine amekuta nyama ishagawanywa. Mei ni ya kubishania kilicho ndani ya kila sahani. Kama una nguvu za kikao kimoja tu kwa mwaka, nenda cha Februari.

Hakikisha pia unamdai mwenye deni. Zahanati, hospitali za kaunti, chekechea, masoko, maji, barabara za kaunti na leseni za vileo ni kazi ya gavana. Polisi, shule za sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa, na ukimuuliza mwakilishi wadi kuhusu hayo umempa nafasi nzuri ya kukubaliana nawe kwa dakika kumi bila kuahidi chochote.

Kisha vitabu. Mara nyingi nakala chache huletwa asubuhi ya kikao, kurasa mamia, zote kwa Kiingereza, na unatarajiwa uwe na maoni kabla ya saa sita. Usingoje siku hiyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba nyaraka kwa maandishi, kwa Kiswahili ukipenda, na hulazimiki kueleza unazitakia nini. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Hesabu nyuma kutoka tarehe ya kikao, upeleke barua mapema, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikunyima au wakinyamaza, malalamiko hupelekwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ukishapata kitabu, usisome kutoka ukurasa wa kwanza, utalala. Tafuta nambari. Bajeti za serikali zote nchini hutumia mfumo mmoja wa nambari za matumizi, na chache tu zinatosha kukuonyesha tabia ya idara: 2210300 ni usafiri wa ndani na marupurupu yake, 2210400 ni safari za ng'ambo, 2210800 ni mapokezi ya wageni, yaani chai, vitafunio na kumbi za hoteli. 2211000 ni vifaa maalumu, na dawa za hospitali huwa humo. Chukua kalamu, weka nambari hizo nne za idara ya afya kando kwa kando, mwaka huu na mwaka uliopita. Ukikuta chai imepanda na dawa zimeshuka, hoja yako imejiandika yenyewe, pamoja na mahali pa kukata.

Jaribu hesabu nyingine, ya wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao. Kwa mpango ulioanza 2023, posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hugawanywa nusu kwa nusu: 2,500 kutoka serikali ya kitaifa na 2,500 kutoka kaunti. Tuseme kaunti yako ina wahudumu 2,000. Zidisha kwa 2,500, kisha kwa miezi 12. Unapata shilingi milioni 60. Sasa tafuta milioni 60 hizo kitabuni. Ukiona milioni 35, umeshajua mwezi gani akina mama hao wataanza kufanya kazi bure, na unaweza kumwuliza waziri wa afya wa kaunti mbele ya watu mwezi huo ni upi.

Upande wa mapato ndio tunaousahau, na kwangu mimi huko ndiko dhuluma ilikojificha. Mswada wa fedha wa kaunti, unaopanga ada na tozo, hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti, watu wakiwa wamechoka na vikao. Humo ndimo ada ya soko inapopandishwa. Ada hiyo haiulizi umeuza ngapi. Kwa mfano wa shilingi 50 kwa siku, mama mboga mwenye beseni moja la sukuma wiki atalipa shilingi 15,000 kwa siku 300 za soko, na asipokuwa na risiti kanjo, yaani askari wa kaunti, anabeba beseni. Upande wa pili, Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti mamlaka ya kutoza wenye viwanja na majengo kulingana na thamani yake. Sasa uliza: orodha ya thamani inayotumika ni ya mwaka gani? Nairobi yenyewe ilitoza kwa miongo kadhaa kwa bei za viwanja za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uliza pia malimbikizo ya wenye majumba ni kiasi gani, na msamaha wa riba umewanufaisha akina nani. Mama mboga hajawahi kutangaziwa msamaha wa riba.

Huyo mama mboga, kwa njia, hatafika ukumbini Jumatano saa nne. Ndiyo saa ya biashara. Basi mkutano wenu mwingine ufanyike sokoni jioni kabla ya tarehe, na mchague wasemaji wawili watatu, kila mmoja na hoja moja. Wengine watabebwa kwa basi kuja kupiga makofi. Msigombane nao, dakika zenu ni chache.

Maoni yote yaandikwe. Karatasi moja inatosha: jina la idara, ukurasa, nambari, kiasi kilichopo, kiasi mnachotaka, na pesa zinakotoka. Peleka nakala kwa karani wa bunge, ubaki na yenye muhuri. Kama hamkupewa nyaraka kwa wakati, liandikeni hilo humo humo. Aprili 2014 Jaji George Odunga alifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangazo la gazetini peke yake halikumtosheleza. Hukumu ilitaja njia nyingine za kuwafikia watu: makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za mama. Kesi ya aina hiyo huhitaji karatasi zenye muhuri.

Baada ya kikao, omba ripoti ya kamati ya bajeti uone hoja yako ilikubaliwa au ilikataliwa, na kwa sababu gani. Halafu fuatilia ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazoonyesha kila robo mwaka kaunti imetumia nini. Ile ya Julai hadi Septemba ikionyesha dawa hazijanunuliwa huku safari zikiwa zimeshakula sehemu kubwa ya mgao wake, itoe nakala uiweke kwenye faili. Utaihitaji Februari.