Namna ya kuhamisha picha zako kutoka Windows kwenda Linux bila kupoteza kazi uliyozifanyia

Laptopu ninayofanyia kazi ya picha hapa Mtwara niliinunua ikiwa imeshatumika, nayo ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Windows 11 hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, nilibaki na mashine nzima isiyokubalika kwenye mfumo mpya. Nikachagua Linux Mint, mfumo wa bure wa familia ya Linux. Kuweka mfumo wenyewe kulinichukua chini ya saa moja, lakini picha zilinila siku nne, na ndiyo maana maelekezo haya yanaanzia kwenye picha.

Elewa kwanza kwamba kila picha unayoiona ndani ya programu ni vitu viwili: faili lililotoka kwenye kamera, na kazi uliyolifanyia, yaani nyota, maneno ya utambulisho, mwanga na rangi. Lightroom, programu ya Adobe ya kupanga na kurekebisha picha niliyokuwa nikiitumia kwenye Windows, huiweka kazi hiyo katika katalogi yake, ambayo ni faili lenye mwisho wa .lrcat. Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea fundi mashine aipige Windows upya. Akaniuliza kama picha zote ziko kwenye D, nami nikajibu kwa kujiamini kwamba ziko. Kweli zilikuwepo, ila katalogi ilikuwa kwenye C, sehemu ya Windows iliyofutwa mfumo ulipopigwa upya. Harusi mbili za Mikindani zilirudi kama zilivyotoka kwenye kamera, nikawa nachagua upya picha moja moja huku bwana harusi akinipigia simu kila jioni. Fundi sina la kumlaumu.

Basi, kabla ya kugusa mfumo, fungua Lightroom, ingia sehemu ya Library, chagua picha zote kwa Ctrl+A, kisha bonyeza Ctrl+S. Kwa picha za RAW (faili ghafi la kamera), programu itaandika faili dogo la .xmp kando ya kila picha. Kwa JPEG, maelezo huingia ndani ya picha yenyewe. Usiridhike na ujumbe wa programu, bali fungua folda uangalie kwa macho: kando ya IMG_4471.CR2 pawe na IMG_4471.xmp. Faili hilo ni maandishi matupu, na ukilifungua kwa Notepad utaona mahali palipoandikwa xmp:Rating pamoja na idadi ya nyota ulizoipa picha hiyo.

Nyota na maneno ya utambulisho vitavuka salama. Rangi, kwa sehemu kubwa, hazitavuka: darktable, programu ya bure utakayotumia kwenye Linux badala ya Lightroom, hujaribu kusoma baadhi ya marekebisho ya Lightroom, lakini kila programu ina hesabu zake za mwanga, na matokeo hayalingani. Kwa hiyo kila picha iliyokwisha kukabidhiwa kwa mteja itoe kama JPEG ya ubora wa juu kabisa, na zile zinazoweza kurudi kuchapwa kwa ukubwa zitoe kama TIFF. Kazi hii inachosha, lakini usiiruke.

Sasa nakili kila kitu, pamoja na katalogi, kwenye diski ya nje iliyoumbizwa kwa exFAT, ambayo Windows na Linux zote huisoma. FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4, na video za harusi hupita hapo kwa urahisi. Ukimaliza, linganisha idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa pande zote mbili, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski yenye waya wake wa umeme huzima hata kama laptopu ina chaji. Tengeneza nakala ya pili na uiweke nyumba nyingine. Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna sababu ya ziada: nimeshaona tundu la USB likiota kutu kwa hewa ya chumvi.

Pakua Linux Mint usiku, wakati bando ni nafuu, kwa sababu faili lake ni takriban GB 3, kisha liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Ndani ya Windows, zima kipengele cha Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, Windows hulala badala ya kuzimika kabisa, na Linux huenda ikakuruhusu kusoma diski hiyo bila kuandika. Washa mashine kwa flashi (kwa kawaida F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP) na uutumie mfumo siku nzima kabla ya kuuweka.

Ukishauweka, ingiza picha kwenye darktable zikiwa na mafaili yake ya .xmp kando tangu mara ya kwanza. Kwa digiKam, ambayo naipendelea kwa kupanga na kutafuta, ingia kwenye mipangilio ya metadata (maelezo ya picha), uiruhusu kusoma mafaili ya pembeni, yaani yale ya .xmp, na kukubali majina ya mtindo wa programu za kibiashara. Bila hivyo itatafuta IMG_4471.CR2.xmp na kuipuuza IMG_4471.xmp. Kumbuka pia kwamba kwa Linux folda ya Harusi na folda ya harusi ni mbili tofauti. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inatosha kwa kusafisha madoa ya uso, ingawa menyu zake zitakuudhi wiki ya kwanza.

Printa na skana zijaribu ukiwa bado kwenye flashi. Printa yangu ilikubali papo hapo, skana ikagoma, na hadi leo kompyuta ya zamani ya mezani imebaki na Windows, bila intaneti, kwa ajili ya skana peke yake.