Mchezo mpya wa mtandaoni? Subiri mwezi wa pili baada ya kutoka

Usikimbilie kununua mchezo wa mtandaoni wa kuigiza wahusika siku unapotoka. Wiki ya kwanza seva hujaa, kila mtu anausifu, na sifa hizo hazikuambii lolote. New World ya Amazon ilitoka Septemba 2021 ikavuka wachezaji 900,000 kwa wakati mmoja kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, kisha wengi wakaondoka ndani ya miezi michache. Mchezo wa aina hii ukikosa watu unabaki ramani tupu, kwa hiyo tazama idadi ya wachezaji mwezi wa pili baada ya mchezo kutoka. Tovuti ya SteamDB huionyesha bure.

Angalia pia malipo. Kuna ada ya kila mwezi juu ya bei? Duka la ndani linauza mavazi tu, au na nguvu za kushinda wengine pia? Likiuza nguvu, mimi siununui hata ukishushwa bei.

Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na uwe umecheza chini ya saa 2. Muda wa kuunda mhusika na kupanga foleni ya seva nao huhesabiwa, hivyo usihangaike na nywele na sura. Ingia upesi ujaribu mapigano. Kukiwa na toleo la majaribio, kama Final Fantasy XIV, anza nalo.